Kadi ya Serikali, Deni la Askari

Mwanajeshi wa Marekani anapotumwa safari ya kikazi, hapangi foleni kwa mhasibu kuchukua fedha za njiani. Anayo kadi ya benki yenye jina lake, aliyoipata kwa idhini ya serikali, na kwa kadi hiyo atalipia tiketi, hoteli, gari la kukodi, mafuta na chakula. Akirudi kikosini anajaza madai, serikali inalipa, hesabu inafungwa. Ndivyo mambo yanavyotakiwa kwenda. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 25 kadi hiyo imewaletea askari wengi barua za onyo na makato ya mshahara. Wakaguzi wameiandikia ripoti nzito, Bunge la Marekani limeitungia sheria zaidi ya moja, na makamanda huulizwa kila mwezi kuhusu madeni ya watu walio chini yao.

Mjadala wenyewe mara nyingi huishia kwenye maadili: askari mwaminifu hulipa, asiye mwaminifu huenda kucheza kamari. Kuna ukweli hapo, lakini ni sehemu ndogo ya ukweli. Wapo wengi wanaoingia matatani bila kuiba wala kufuja chochote. Walichelewa kujaza fomu, au fomu ilikaa kwa mkubwa asiyeisaini, au walidhani fedha zimekwenda benki kumbe zimeingia kwenye akaunti zao na kuliwa. Deni ni la askari, lakini mwendo wa kulilipa unategemea ofisi. Kwa hiyo kuitumia kadi hii kwa uwajibikaji kunamtaka mtu alinde muda na kumbukumbu zake kama anavyolinda nidhamu yake mbele ya vishawishi.

Kadi ya nani hasa?

Kadi ya safari ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani iko chini ya mpango wa serikali kuu uitwao SmartPay, ulioanza Novemba 1998. Benki ya kwanza kuwahudumia wanajeshi katika mpango huo ilikuwa Bank of America. Tangu Novemba 2008 kazi hiyo inafanywa na Citibank. Ndani ya wizara, ofisi maalumu ya usimamizi wa safari ndiyo inayotunga kanuni na kuendesha mafunzo.

Zipo akaunti za aina mbili. Ya kwanza hulipwa moja kwa moja na serikali, na mara nyingi hutumika kununulia tiketi za ndege za kikosi kizima au za watu wasio na kadi. Ya pili, ambayo ndiyo mada yetu, imeandikwa kwa jina la mtu binafsi. Taarifa ya akaunti inatumwa kwake, na mkataba na benki ameusaini yeye. Serikali ikichelewa kumrudishia fedha zake, benki haiendi kugonga mlango wa Pentagoni; inamtafuta askari.

Kadi hiyo pia haifanani na kadi ya mkopo ambayo kijana wa Kimarekani anaizoea. Kadi ya kawaida humruhusu mwenye deni kulipa kidogo kila mwezi huku riba ikipanda. Kadi ya safari haitozi riba, na haiendeshwi kwa malipo ya kidogo kidogo: taarifa ikitoka, kiasi chote kilichoandikwa kinadaiwa. Anayeingia na mazoea ya kulipa kiwango cha chini anajikuta ameshavunja masharti kabla hajajua.

Ukilinganisha na utaratibu wa nchi zetu, tofauti inaonekana wazi. Mtumishi wa umma wa Kenya au Tanzania huchukua masurufu: fedha zinatangulia, hesabu inafuata. Kanuni za fedha za umma za Kenya za mwaka 2015 humpa siku saba za kazi baada ya kurudi kituoni awe amerejesha masurufu, la sivyo yakatwe kwenye mshahara pamoja na riba. Askari wa Marekani anaanza upande wa pili. Hana fedha za serikali mkononi. Ana deni la benki, analolibeba kwa niaba ya mwajiri mpaka mwajiri atakapolipa. Mtumishi wa masurufu akichelewa, anayesubiri fedha ni serikali. Askari akichelewa, anayesubiri ni benki, na benki ina kalenda yake.

Sheria ilivyofika hapa

Tarehe 19 Oktoba 1998 Rais Bill Clinton alisaini sheria ya kurekebisha taratibu za safari na uchukuzi serikalini. Sheria hiyo iliwalazimu watumishi wa serikali kuu kutumia kadi kwa gharama za safari rasmi, isipokuwa pale palipotolewa msamaha. Iliipa serikali nayo wajibu: ikipokea madai yaliyojazwa sawasawa, ilipe ndani ya siku 30, na ikichelewa imlipe msafiri nyongeza kwa kuchelewa huko. Vilevile ilifungua njia ya kukata mshahara wa mdaiwa sugu ili kuilipa benki, makato hayo yasizidi asilimia 15 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima.

Nia ilikuwa njema. Serikali iliepuka kutoa fedha taslimu mapema, ikapata kumbukumbu za kielektroniki za kila ununuzi, na benki ikawa inairudishia sehemu ndogo ya thamani ya matumizi kulingana na kiasi kilichotumika na wepesi wa kulipa. Lakini kadi ziligawiwa kwa wingi na kwa haraka, hata kwa watu ambao historia yao ya mikopo ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Kufikia mwaka 2002, wakaguzi wa Bunge walipochunguza Jeshi la Nchi Kavu, la Majini na la Anga, zaidi ya wafanyakazi 40,000 wa wizara hiyo walikuwa wameshindwa kulipa madeni yanayozidi dola milioni 60. Madeni yalikuwa yamejaa kwa askari vijana wa vyeo vya chini, wenye mishahara midogo kuliko wote.

Mwishoni mwa 2002 Bunge likaingilia kati. Uwezo wa mtu kukopeshwa ukatakiwa kuchunguzwa kabla hajapewa kadi. Wizara ikapewa mamlaka ya kugawa malipo, ili sehemu ya fedha za madai iende moja kwa moja benki badala ya kupitia mfukoni mwa askari. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2012, ikaja sheria nyingine ya kuzuia matumizi mabaya ya kadi za serikali, iliyozitaka idara zote ziwe na udhibiti wa ndani na ukaguzi wa mara kwa mara.

Ndiyo maana leo kuna kadi ya kawaida na kadi yenye mipaka. Ya kawaida huanza na ukomo wa dola 7,500. Yenye mipaka huanza na dola 4,000 na hupewa mwenye alama hafifu za mikopo au asiyetaka kuchunguzwa. Kabla ya kupewa yoyote kati ya hizo, askari hupitia mafunzo na kusaini tamko kwamba ameelewa masharti, na mambo hayo mawili hurudiwa kila baada ya miaka mitatu. Wengi husaini tamko hilo siku ile ile wanaporipoti kikosini, katikati ya rundo la fomu nyingine. Afadhali lisomwe.

Kalenda ya benki

Anayetaka kuielewa hatari ya kadi hii aanze na tarehe. Taarifa ya akaunti hufungwa siku moja kila mwezi, na kuanzia hapo siku zinahesabiwa. Deni likifikisha siku 61 bila kulipwa, kadi inasimamishwa: haichanji hotelini, haitoi fedha kwenye mashine, hata kama askari yuko safarini usiku huo. Likifikisha siku 126, akaunti inafungwa. Likifikisha siku 210, benki inalifuta kwenye vitabu vyake kama deni lisilolipika na taarifa hiyo inakwenda kwa kampuni zinazotunza historia za mikopo. Kabla ya kufika huko, benki inaweza kuwa imeshaomba mshahara wa askari ukatwe.

Upande wa pili kuna kalenda ya serikali. Kanuni inamtaka msafiri awasilishe madai ndani ya siku tano za kazi baada ya kurudi. Afisa anayeidhinisha anayapitia, kisha ofisi ya fedha inalipa. Kila mmoja akitimiza wajibu wake, fedha hufika benki kabla ya tarehe ya mwisho na askari hatoi hata senti yake. Kalenda hizo mbili zinaelewana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Askari ametumwa mafunzoni kwa siku 14. Hoteli inatoza dola 150 kwa usiku, na gari la kukodi pamoja na mafuta linafika dola 700. Akirudi nyumbani kadi ina deni la dola 2,800, kiasi kinachokaribia mshahara wa msingi wa mwezi mzima wa askari wa vyeo vya chini. Akikaa wiki tatu kabla ya kujaza fomu, fomu ikarudishwa kwa kukosa risiti ya hoteli, na afisa wa kuidhinisha akawa likizo, mwezi umeisha. Benki inadai. Askari hana akiba ya kulifunika pengo. Hakuna mahali katika mfano huu ambapo mtu amekosa uaminifu, na bado jina lake litatokea kwenye orodha ya wadaiwa inayosomwa mbele ya kamanda.

Safari ndefu zina dawa yake. Anayesafiri kwa zaidi ya siku 45 hatakiwi kungoja mpaka arudi. Mfumo wa kompyuta wa safari, DTS, unaruhusu malipo ya sehemu sehemu kila baada ya siku 30, mradi yapangwe wakati amri ya safari inaandaliwa. Na kwa anayepelekwa mahali ambapo kazi haimruhusu kujaza madai, kuna hadhi maalumu ya kazi nyeti inayozuia akaunti yake isisimamishwe. Hadhi hiyo haiji yenyewe. Lazima iombwe kwa mratibu wa kadi, msimamizi wa akaunti hizo kikosini, kabla akaunti haijasimamishwa, kwa sababu baada ya hapo maelezo mazuri hayafuti siku zilizokwisha kuhesabiwa.

Ndani ya mipaka na nje ya mipaka

Kanuni ya matumizi ni fupi: kadi ni ya gharama za safari rasmi tu. Hoteli, usafiri, gari la kukodi lililoidhinishwa na mafuta yake, maegesho, chakula akiwa safarini. Fedha taslimu kutoka kwenye mashine zinaruhusiwa kwa matumizi madogo ya safari, na zisichukuliwe isipokuwa siku chache kabla ya kuondoka au akiwa njiani. Kununua runinga, kulipia karo, kumjazia mafuta rafiki, kumlipia mwenzi chumba: hayo yote ni marufuku hata kama askari ana nia ya kulipa kesho yake.

Ugumu unakuja pale kazi na mambo binafsi yanapokutana katika safari moja. Askari anamaliza mafunzo Ijumaa, anaomba likizo ya siku tatu abaki kwenye mji ule ule, hoteli ile ile. Usiku wa Ijumaa hadi Jumatatu ni wake. Akimwambia mtu wa mapokezi aendelee kuchanja kadi ileile, amekwisha kutumia kadi ya serikali kwa mapumziko yake. Ni busara kufunga hesabu ya hoteli siku ya mwisho ya kazi na kuanza upya kwa kadi yake mwenyewe, risiti zikiwa mbili.

Halafu kuna kosa la bahati mbaya: kadi mbili kwenye pochi moja, usiku, kwenye kituo cha mafuta. Kinachotakiwa hapo ni kuripoti kwa mratibu mara moja na kuilipa benki kiasi kile bila kungoja taarifa. Mratibu ana ripoti zake, na kila ununuzi una namba ya aina ya biashara inayoonyesha kama ni hoteli, duka la vito au ukumbi wa burudani. Kosa alilolieleza askari mwenyewe Jumatatu asubuhi ni tofauti sana na lile lililogunduliwa na mratibu mwisho wa mwezi.

Kwa askari asiyesafiri mara kwa mara, kadi inapaswa izimwe akiwa nyumbani na kuwashwa safari inapokaribia. Wengine huliona hilo kama kutoaminiwa. Lakini linamlinda mwenye kadi dhidi ya wezi wa namba na dhidi ya makosa ya pochi.

Kashfa ya kasino, na lililo nyuma yake

Mei 2015 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi alitoa ripoti iliyoshika vichwa vya habari. Kati ya Julai 1, 2013 na Juni 30, 2014, kadi za safari za wizara zilikuwa zimetumika katika miamala 4,437 kwenye kasino, yenye thamani ya dola 952,258, ambayo huenda ilikuwa ya matumizi binafsi. Miamala mingine 900 ya dola 96,576 ilifanyika kwenye kumbi za burudani za watu wazima.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa kwa utulivu. Jumla yake ni zaidi kidogo ya dola milioni moja, katika mpango unaopitisha mabilioni ya dola kwa mwaka. Ni chini ya sehemu moja katika elfu moja ya matumizi yote. Zaidi ya hayo, anayecheza kamari kwa kadi hii na kulipa deni lake mwenyewe hajaichukulia serikali hata dola moja moja kwa moja. Kwa nini basi ni kosa kubwa?

Kwanza, ni kuvunja amri. Kanuni za kadi zina nguvu ya kisheria kwa mwanajeshi, na kifungu cha 92 cha sheria ya kijeshi kinaadhibu kutotii amri au kanuni halali. Pili, mkopo huo umetolewa kwa jina la serikali na kwa kazi za serikali. Anayekopa kwa kamari anatumia imani ambayo si yake. Tatu, mcheza kamari aliyekosea mahesabu ndiye yule yule atakayeshindwa kulipa mwezi ujao, na mdaiwa mwenye siri ni mtu rahisi kurubuniwa. Ndiyo maana miongozo ya kutoa vibali vya kushika siri za serikali, inayotumika tangu Juni 2017, ina sehemu nzima kuhusu hali ya fedha ya mtu. Fundi wa mitambo ya siri aliyepoteza kibali amepoteza kazi yake, hata kama bado amevaa sare. Na tangu Januari 1, 2019, sheria ya kijeshi ina kifungu kinachojitegemea, 121a, kuhusu matumizi ya kadi kwa nia ya ulaghai.

Kilichofuata baada ya ripoti kinafundisha zaidi kuliko ripoti yenyewe. Mwaka 2016 Mkaguzi Mkuu alirudi kuangalia wakubwa walifanya nini walipoarifiwa kuhusu watu wao. Aligundua kwamba hatua zilizofaa hazikuchukuliwa. Makamanda wengine hawakufanya uchunguzi wa kutosha, na matumizi mabaya mengine yalipita bila kuguswa. Kwa hiyo udhaifu ulikuwa pande mbili: askari aliyechanja kadi mahali pasipofaa, na mkubwa aliyepewa taarifa akaiweka kwenye faili.

Mtego wa mgawanyo

Mgawanyo wa malipo, ambao sasa ni wa lazima kwa wanajeshi, umesaidia sana kupunguza madeni. Askari akijaza madai, anaonyesha kiasi kinachotakiwa kwenda benki na kinachobaki kwake. Tatizo ni kwamba wengi wanaamini mfumo unajua kila kitu.

Haujui. Hoteli na gari alivyoviingiza kama gharama za kadi vitakwenda benki bila shida. Lakini posho ya chakula na matumizi madogo hulipwa kwa kiwango maalumu cha mji, siku ya kwanza na ya mwisho zikihesabiwa kwa asilimia 75, bila kujali askari amekula nini na amelipa kwa njia gani. Kwa kawaida posho hiyo inaelekezwa kwenye akaunti yake binafsi. Kama milo yote ya wiki mbili aliilipia kwa kadi, deni la milo liko benki na fedha za kulilipa ziko mfukoni mwake. Asipoongeza kiasi hicho kwenye fungu la benki wakati wa kujaza madai, au asipokilipa mwenyewe, ataona salio la dola mia tatu au mia nne ambalo hakulitarajia, siku 61 zikiwa zimeanza kuhesabiwa.

Hapa ndipo methali yetu inapodai nafasi yake: mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya hoteli inatakiwa hata iwe ndogo kiasi gani, na risiti ya gharama nyingine yoyote inatakiwa ikifika dola 75. Mwenye busara huzipiga picha zote siku ile ile, kisha kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasilisha madai, hufungua akaunti ya kadi na kulinganisha jumla mbili: deni lililopo benki na fungu alilolielekeza benki. Zikifanana, amemaliza. Zisipofanana, kazi bado.

Hesabu hiyo ni muhimu zaidi wakati wa kuhamishwa kituo. Katika miaka ya karibuni majeshi ya Marekani yamesukuma matumizi ya kadi kwa gharama za uhamisho pia. Hilo linamwokoa askari mwenye familia asitoe maelfu ya dola mfukoni kabla ya kulipwa. Lakini uhamisho una watoto, hoteli za muda, safari ya gari ya siku kadhaa, na madai yake ni magumu kuliko ya safari ya kawaida. Tena askari anahama kutoka mratibu mmoja kwenda kwa mwingine. Asipohakikisha kwamba akaunti yake imeondolewa kikosi cha zamani na kupokelewa kikosi kipya, anabaki na deni lisilo na msimamizi, na onyo linatumwa kwa mtu ambaye hayuko naye tena.

Askari aliyetoka kwetu

Suala hili limewafikia pia wasemaji wa Kiswahili. Mpango ulioanza kuandikisha watu mwaka 2009, uliofahamika kwa jina la MAVNI, uliwaruhusu wahamiaji wenye lugha zilizohitajika na jeshi kujiunga na kupata uraia kwa haraka, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Mpango ulisimama mwaka 2016, lakini wahamiaji wenye ukazi wa kudumu wanaendelea kuingia, wakiwamo vijana kutoka Kenya, Tanzania na Kongo.

Kijana huyo anafika na mambo mawili ambayo mwongozo wa kadi hauyataji. La kwanza ni historia fupi ya mikopo. Alikotoka watu hujenga nyumba kwa miaka kumi, tofali kwa tofali, wasikope. Marekani mtu asiyewahi kukopa huonekana mgeni kwa benki. Hivyo huenda akapewa kadi yenye mipaka, na dola 4,000 huisha haraka kwenye mji wa hoteli ghali. Si aibu kumwomba mratibu aongeze ukomo kwa safari maalumu. Kazi yake ni hiyo. La aibu ni kukwama kaunta ya hoteli saa sita usiku kwa sababu mtu aliona haya kuuliza.

La pili ni nyumbani. Posho na marejesho yanapoingia kwenye akaunti, simu nayo inaita: mdogo wake anadaiwa ada, mjomba yuko hospitali, kuna mchango wa msiba. Fedha za safari zinaonekana kama baraka zisizo na mwenyewe. Zina mwenyewe, naye ni benki. Anayetaka kusaidia ndugu asaidie kutoka kwenye mshahara, kwa kiasi alichokipanga, na awaambie nyumbani waziwazi kwamba fedha za safari si za kugawa. Ndugu wakielezwa wataelewa. Benki haina sikio la msiba.

Na wapo wanaorudi upande huu wa dunia wakiwa na sare ya Marekani, kwa mazoezi kama Justified Accord, ambayo Kenya imekuwa mwenyeji wake mkuu. Viwango vya posho kwa miji ya nje ya Marekani, Nairobi na Dar es Salaam ikiwamo, huwekwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo na hubadilika mara kwa mara, hivyo cha kuangalia ni kiwango cha mwezi wa safari. Hoteli kubwa zitapokea kadi. Teksi, kibanda cha chakula na duka la mtaani vitataka shilingi mkononi au M-Pesa. Hapo fedha taslimu chache kutoka kwenye mashine zina maana yake, na kila gharama iandikwe siku hiyo hiyo pamoja na kiwango cha kubadilisha fedha. Ada ambayo benki inatoza kwa malipo ya fedha za kigeni nayo inadaiwa. Wengi huisahau na kuilipa wenyewe.

Sehemu ya wakubwa

Itakuwa si haki kuandika yote haya kana kwamba mzigo ni wa askari peke yake. Serikali imehamisha gharama ya kusubiri kutoka hazina yake hadi kwa kijana wa miaka 20. Inanufaika na marejesho ya benki, inanufaika na kumbukumbu safi, na haikopi chochote. Utaratibu huo ni wa haki kwa sharti moja tu: madai yakishughulikiwa kwa kasi.

Afisa wa kuidhinisha ana wajibu mzito kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kusaini anathibitisha kwamba malipo ni halali, na malipo batili aliyoyapitisha kwa uzembe yanaweza kudaiwa kutoka kwake mwenyewe. Hofu hiyo isigeuke kuwa kisingizio cha kukalia madai. Kamanda makini haulizi tu nani anadaiwa. Huuliza pia madai ya nani yamelala kwenye meza ya nani, na kwa siku ngapi. Orodha ya wadaiwa isiyoambatana na orodha ya madai yaliyochelewa ni nusu ya taarifa.

Vilevile wakubwa watofautishe makosa. Askari aliyekwama kwa ucheleweshaji wa ofisi anahitaji msaada, na hadhi ya kazi nyeti au ufuatiliaji wa ofisi ya fedha ndiyo tiba yake. Aliyesahau anahitaji onyo na mafunzo. Aliyechanja kadi kasino na kuficha anastahili mkono wa sheria. Kuwaadhibu wote kwa barua moja kunawafundisha vijana kuogopa kadi na kuficha makosa, na kosa lililofichwa ndilo linalokua mpaka siku ya 210.

Tuliyoyapima yanaonyesha kwamba kadi ya safari ni chombo kizuri chenye mkataba mkali. Haimdhuru askari anayefanya mambo manne: kuitumia kwa safari ya amri pekee, kujaza madai ndani ya siku tano za kazi, kulinganisha fungu la benki na deni lote kabla ya kuwasilisha, na kumwambia mratibu mapema penye tatizo. La pili na la tatu hufanyika mezani, baada ya safari kwisha, wakati ambao kila mtu amechoka na anataka kupumzika. Basi ewe kijana uliyevaa sare, kwenu au ugenini: ukirudi safarini, kabla hujafungua begi, fungua fomu.